Dawa ya Kifua na Elimu Iliyomo Vifuani

Mtu akenda sokoni Darajani kununua manjano, muuzaji humpimia, humfungia katika karatasi, hupokea thamani yake, na mambo huishia hapo. Hapana aulizaye ni nani aliyekuwa wa mwanzo kuyatia mchuzini, wala ni nani aliyegundua kwamba yakipakwa juu ya kidonda hukikausha. Kila mmoja wetu ameyakuta mambo hayo duniani kama alivyoikuta bahari. Hata hivyo, tarehe 28 Machi, 1995, Serikali ya Marekani ilitoa hati nambari 5,401,504, na kwa hati hiyo chuo kimoja cha udaktari cha jimbo la Mississippi kikatambuliwa kuwa ndicho chenye haki ya njia ya kuponyesha vidonda kwa unga wa manjano. Haikuwa dawa mpya iliyochujwa kutoka katika manjano, wala mashine ya kuyasagia. Ulikuwa ni unga wenyewe, huu tuujuao, wa kunywa na wa kupaka.

Hati ya namna hiyo huitwa hataza. Ni mapatano baina ya Serikali na mvumbuzi: mvumbuzi auweke wazi uvumbuzi wake ili watu wote wausome, naye kwa muda wa miaka 20 tangu siku aliyoomba awe na uwezo wa kumzuia mtu mwengine yeyote asiutengeneze wala asiuuze bila ya ruhusa yake. Anayesimama mlangoni na kuamua ni nani aingie na nani arudi ni mtu mmoja aitwaye mkaguzi wa hataza. Wananchi wengi hawajapata kumsikia. Maofisa wengi waliomsikia wanamdhania kuwa ni karani wa kupiga mihuri. Tumeona yafaa leo tumzungumze mtu huyu na kazi yake, kwa kuwa manjano yamerudi tena mezani kwake, na safari hii si kwa ajili ya kidonda cha ngozi bali kwa ajili ya kidonda kilicho ndani kabisa, yaani mapafu yaliyojeruhiwa.

Kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vidogo vidogo vya hewa visivyo na hesabu, na kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno, ili hewa safi ipate kupenya na kuingia damuni. Nimonia kali, sumu ya vidudu iliyoenea katika damu, moshi, maji ya mtu aliyenusurika kuzama, au malaria iliyopanda, vyote hivyo huweza kuzijeruhi kuta hizo. Zikijeruhiwa huvuja. Maji ya mwili huingia mahali pa hewa, na mgonjwa huanza kuzama hali yuko juu ya kitanda kikavu. Madaktari wa Marekani waliieleza hali hii katika jarida la Lancet la London mwaka 1967, kwa habari za wagonjwa 12. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, ulimwengu mzima ukaijua bila ya kuhitaji jarida.

Matibabu yake yamepiga hatua, lakini kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2000 ilithibitika Marekani, kwa wagonjwa 861, kwamba mashine ya kupumulia ikisukuma pumzi ndogo ya mililita 6 kwa kila kilo ya uzito badala ya 12, vifo hupungua kutoka karibu 40 hadi 31 katika kila wagonjwa 100. Mwaka 2020, Uingereza ikaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo, hupunguza vifo kwa thuluthi moja kwa wagonjwa wa Korona waliokuwa wakipumua kwa mashine. Lakini dawa iliyothibitika kuwa inaponya jeraha lenyewe la mapafu, tukasema hii ndiyo dawa yake, mpaka leo haijapatikana. Atakayeipata atakuwa amewafaa watu wengi, na bila ya shaka atapata mali nyingi. Ndiyo sababu watu wanaitafuta kila mahali, na miongoni mwa mahali hapo ni ndani ya mizizi, majani na magamba ya miti ambayo wazee wetu waliyajua tangu zamani.

Ndani ya manjano mna kemikali iitwayo kurkumini, ambayo ndiyo iyapayo rangi yake. Ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1815 na wanakemia Vogel na Pelletier, na umbo lake likajulikana mwaka 1910. Si nyingi, ni kiasi cha sehemu 3 katika 100 za unga. Katika vyombo vya maabara kurkumini huonyesha nguvu kubwa ya kutuliza uvimbe, na kwa hiyo imeandikiwa makala kwa maelfu. Taabu yake ni kwamba haiyeyuki majini, huharibika upesi, na mtu akiimeza ni kidogo sana ifikayo katika damu. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani waliyapitia maandishi hayo na kutangaza kwamba hawakuona hata jaribio moja la watu, lililofanywa kwa masharti magumu ya kitaalamu, ambalo kurkumini ilifaulu. Tunalisema hili mapema asije mtu akamnywesha manjano mgonjwa aliyeshindwa kupumua badala ya kumkimbiza Mnazi Mmoja.

Kwa sababu ya udhaifu huo, wataalamu wamegeukia njia nyingine. Wanalichukua umbo la kurkumini, wanakata pale panapovunjika upesi, wanaunga kitu kingine, na kupata kemikali ambayo haikupata kuota katika shamba lolote. Huko Wenzhou, China, wataalamu wa chuo kikuu cha udaktari wametengeneza kemikali nyingi za namna hiyo, wakazijaribu kwa panya waliojeruhiwa mapafu kwa sumu ya bakteria, na mwaka 2015 wakachapisha kwamba baadhi yake zilipunguza uvimbe na maji katika mapafu ya panya hao. Panya si binadamu, na safari kutoka kwa panya hadi kitandani kwa mgonjwa ina makaburi mengi njiani. Lakini mtu aliyetengeneza kemikali kama hiyo hasubiri safari iishe. Hupeleka ombi la hataza mapema iwezekanavyo, na hapo ndipo tunapomkuta mkaguzi.

Jalada likifika, mkaguzi haulizi kama dawa hiyo itaponya watu. Hiyo ni kazi ya mamlaka ya dawa, nayo huja baadaye. Wala haulizi kama mwombaji ni mtu mwema. Anauliza kwanza: je, jambo hili ni jipya? Na jipya maana yake ni kwamba kabla ya tarehe ya ombi halikuwa limewekwa wazi mbele ya watu. Hutafuta katika hataza za nchi zote, katika majarida, katika vitabu, hata katika matangazo ya biashara. Akikuta kemikali ile ile imekwisha kuandikwa na mtu mwengine, ombi limekwisha. Asipoikuta, huja swali la pili ambalo ndilo zito: hata kama ni mpya, je, fundi wa kawaida wa kazi hiyo, akipewa yote yaliyokwisha kujulikana, asingelifika hapo mwenyewe bila ya taabu ya akili? Ikiwa angelifika, basi hapana uvumbuzi. Kisha hutazama kama kitu hicho chaweza kutengenezwa na kutumika, na kama maelezo yametosha kumwezesha mwengine kukitengeneza.

Kemikali iliyogeuzwa kutoka katika kurkumini kwa kawaida hupita mlango wa kwanza, kwa kuwa maumbile hayakuitengeneza. Vita huwa katika mlango wa pili. Mkaguzi husema: kurkumini ilikwisha kujulikana kuwa hutuliza uvimbe, ilikwisha kujulikana ni sehemu gani ya umbo lake iliyo dhaifu, wewe umeondoa sehemu hiyo tu. Iko wapi kazi ya akili yako? Mwombaji hujibu kwa tarakimu za panya wake, akionyesha kwamba nguvu iliyopatikana si ile ambayo mtu angeitarajia. Majibizano hayo huweza kwenda na kurudi kwa miaka. Nchi nazo zinatofautiana. Uhindi iliandika katika sheria yake mwaka 2005 kwamba sura mpya ya kitu kinachojulikana, ikiwa haikuongeza nguvu ya uponyaji, si uvumbuzi. Na tarehe 1 Aprili, 2013, Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikaisimamia sheria hiyo dhidi ya kampuni kubwa ya Novartis katika kesi ya dawa ya saratani iitwayo Glivec. Mwezi Juni wa mwaka huo huo, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikaamua kwamba kipande cha jeni ya mwanadamu hakiwi uvumbuzi kwa kutengwa tu na mwili wake. China haitoi hataza kwa njia ya kumtibu mgonjwa, na kwa hiyo waombaji wa huko huandika kwamba wanadai matumizi ya kemikali hiyo katika kutengenezea dawa. Maneno yamegeuzwa kidogo, na mlango umefunguka.

Sisi hatuna ugomvi na mwanakemia wa Wenzhou wala na wa mahali pengine popote. Aliyejenga ghorofa juu ya nyumba ya jirani, kwa idhini yake, ana haki ya ghorofa yake. Ugomvi huanza pale mwenye ghorofa anapoandikisha na msingi pia. Hataza ina sehemu iitwayo madai, na humo ndimo mwombaji anapochora mipaka ya shamba lake. Dai la kwanza huweza kuwa la kemikali moja iliyotengenezwa kweli. La pili likawa la jamii nzima ya kemikali ambazo nyingi hazijapata kutengenezwa. Na mbele zaidi likaja dai linalogusa unga au maji ya mmea wenyewe. Mkaguzi asiyekuwa na kitu mkononi cha kuonyesha kwamba watu walikuwa wakiyajua hayo zamani hana njia ya kukata dai hilo. Hili ndilo jambo ambalo maofisa wetu wanapaswa kulishika: mkaguzi hukata kwa hati, tena hati yenye tarehe.

Turudi basi katika ile hataza ya manjano tuone namna ilivyofutwa. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilikuwa na kioja. Jambo lililojulikana au kutumiwa na watu ndani ya Marekani lilihesabiwa kuwa linajulikana hata kama halikuandikwa popote. Lakini jambo lililojulikana nje ya Marekani halikuhesabiwa mpaka liwe limechapishwa au limepewa hataza. Maana yake ni kwamba bibi mmoja wa Mississippi alikuwa shahidi, na mabibi milioni mia wa Uhindi hawakuwa mashahidi. Mwaka 1996, Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la Uhindi, likiongozwa na Dk. R. A. Mashelkar, liliomba hataza hiyo ikaguliwe upya. Halikupeleka mabibi. Lilipeleka maandishi 32, mengine ya Kisanskriti, mengine ya Kiurdu na Kihindi, na miongoni mwake ilikuwamo makala iliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la chama cha madaktari wa Uhindi. Mwaka 1997 madai yote yalikataliwa. Sheria hiyo ya Marekani imebadilishwa tangu tarehe 16 Machi, 2013, na sasa matumizi ya nje nayo yanahesabiwa. Lakini kuhesabiwa ni kitu kimoja na kuthibitishwa ni kingine, na mkaguzi aliyekaa mbele ya meza yake Amerika hana njia ya kuyathibitisha matumizi ya Makunduchi isipokuwa kwa maandishi.

Kuna mfano ulio karibu nasi zaidi, na huo ni wa kifua hasa. Mwaka 1897 kijana wa Kiingereza aitwaye Charles Stevens alikuja kusini mwa Afrika hali anaugua kifua kikuu. Huko alitibiwa na mganga wa Kiafrika kwa maji ya mzizi wa mmea mmoja mdogo wa jamii ya jereniamu, ambao wataalamu huuita Pelargonium sidoides. Akapona, au aliona kwamba amepona, akarudi kwao na kufungua biashara ya kuiuza dawa hiyo kwa jina lake mwenyewe. Chama cha madaktari wa Uingereza kikamwita tapeli mwaka 1909. Akakishitaki, akashindwa mwaka 1914. Dawa hata hivyo haikufa. Daktari mmoja wa Geneva aliitumia kwa wagonjwa wake katika miaka ya 1920, na baadaye kampuni ya Schwabe ya Ujerumani ikaifanya kuwa dawa mashuhuri ya mafua ya kifua kwa jina la Umckaloabo.

Mwaka 2007 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni hiyo hataza juu ya njia ya kutengenezea maji ya mzizi huo. Watu wa Alice, mji mdogo wa Rasi ya Mashariki huko Afrika Kusini, pamoja na Kituo cha Afrika cha Usalama wa Kibayolojia na wenzao wa Uswisi, wakapinga. Mnamo mwezi Januari, 2010, shauri likasikilizwa Munich, na hataza ikafutwa yote. Miezi michache baadaye kampuni ikatangaza kwamba haitakata rufaa. Tuangalie lakini ilifutwa kwa nini. Haikufutwa kwa sababu watu wa Alice hawakuombwa ruhusa; mkataba wa hataza wa Ulaya haukuweka sharti hilo. Ilifutwa kwa sababu haikuwa na hatua ya kivumbuzi, kwa kuwa kuutoa mzizi nguvu zake kwa maji na spiriti yalikuwa ni mambo yanayojulikana. Haki ilipatikana, lakini ilipita mlango wa fundi, si mlango wa mwenye mali. Na mwarobaini wetu huu, uliojaa katika kila kitongoji cha Unguja na Pemba, ulipigania vita kama hivyo hapo hapo Munich dhidi ya hataza ya dawa ya ukungu wa mimea iliyotolewa mwaka 1994. Ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005. Miaka kumi na moja tangu kutolewa, na mawakili wote hao, kwa mti wa uwani.

Hapa yafaa tuwe wakweli, maana wako watu wanaolitia chumvi jambo hili mpaka likapoteza ladha. Hataza ya Marekani haifanyi kazi Micheweni. Hakuna polisi atakayekuja kumkamata bibi kwa kumpaka mjukuu wake manjano. Tena nchi zilizo nyuma kimaendeleo, na Tanzania imo, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani zisitoe hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari, 2033. Hasara yetu ni ya namna nyingine. Ni kwamba siku kijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar atakapotengeneza kitu kutokana na mmea alioonyeshwa na nyanya yake, na akataka kukiuza Hamburg au Guangzhou, atakuta shamba limekwisha kupimwa na kuwekwa mawe ya mipaka. Na ni kwamba mtu akitajirika kwa mmea ulioonyeshwa na mganga wa Kojani, hapatakuwa na karatasi hata moja ya kumfanya akumbuke kwamba kuna mahali paitwapo Kojani.

Visiwa hivi vimezoea kulinda mali. Karafuu tunailinda, tumeunda na kikosi maalumu cha kuzuia magendo, na kila mwananchi anajua boti zake. Lakini magendo ya elimu hayapiti baharini usiku. Hupita mchana, kwa salamu na kicheko, mgeni akiwa ameketi barazani na daftari lake mapajani, na mzee akimweleza kila kitu kwa ukarimu. (Nasi tusisahau kwamba mche wa karafuu wenyewe ulitoka Maluku, Waholanzi walipokuwa wakiulinda kwa ukali, Mfaransa Poivre akaifikisha miche Mauritius mwaka 1770, na kwa njia hiyo ndipo hatimaye tukaipata sisi. Historia haina mtu msafi sana.) Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikuwa wakizungumza habari za duka, lakini hata Munich maneno hayo yangekuwa sheria.

Uhindi ilijifunza. Baada ya shauri la manjano, mwaka 2001 ilianza kuandika maktaba ya elimu ya jadi, ikazichukua dawa za vitabu vya Ayurveda, vya Siddha na vya tiba ya Kiyunani, ikazifasiri kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania na Kijapani, kila dawa na jina la kitaalamu la mmea wake. Mwezi Februari, 2009, wakaguzi wa Munich wakafunguliwa maktaba hiyo, kwa sharti kwamba waitumie katika ukaguzi tu na wasimpe mtu mwengine. Yafaa tuseme pia kwamba tiba hiyo ya Kiyunani ni ile ile ya Ibn Sina na wenzake ambayo athari yake imo katika vitabu vya tiba vya pwani yetu, hata baadhi ya tunayoyaita ya kwetu yamekwisha kulindwa huko Delhi bila ya sisi kunyanyua kalamu.

Lakini sharti lile la siri lina maana kubwa, na ndilo linalowagawa watu wenye akili. Ukiiandika elimu ya mganga katika kitabu kiuzwacho dukani, umemzuia mwizi asiipatie hataza, ni kweli. Lakini umempa pia aitumie bure, pamoja na kila kampuni ya dunia, na mganga hapati hata senti. Ukiificha kifuani mwake, itazikwa pamoja naye. Mwandishi wa makala haya haoni njia nyingine isipokuwa ile ya katikati: daftari la Serikali lenye mhuri na tarehe, lililofungwa kwa watu wote ila mkaguzi, na ambalo mganga mwenyewe ametia saini kwa hiari yake baada ya kuelezwa anachokitia saini. Uhindi yenyewe mwaka 2022 iliamua kuifungua maktaba yake kwa wengine zaidi ya wakaguzi, na huenda wakawa na sababu zao. Wao wana viwanda vya dawa vya kuitumia. Sisi bado.

Vyombo vya kufanyia kazi hiyo tunavyo. Haki za uvumbuzi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2008, na masjala yake iko mikononi mwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Kwa upande wa Afrika, lipo shirika la kanda la mali ya ubunifu lenye makao yake Harare, lililozaliwa kwa mapatano ya Lusaka ya mwaka 1976, na Tanzania ni mwanachama. Shirika hilo lilipitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010 ili kulinda elimu ya jadi, na itifaki hiyo ilianza kutumika mwaka 2015. Na huko Geneva, tarehe 24 Mei, 2024, mataifa yalipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje nchi kilikotoka kiumbe alichokitegemea katika uvumbuzi wake, na watu wa asili walioijua elimu yake. Mkataba huo unahitaji nchi 15 ziuridhie ndipo uanze, na hata ukianza hautafuta hataza kwa kosa la kutotaja peke yake, isipokuwa palipo na udanganyifu. Ni hatua, nasi tunaipokea. Lakini mwombaji atataja nini, na mkaguzi atamwuliza nini, ikiwa upande wetu daftari ni tupu?

Wala kazi hii haihitaji jengo jipya. Inahitaji mtu wa kilimo au misitu aujuaye mmea kwa jina lake la kitaalamu, maana mmea mmoja huitwa hivi Unguja na vile Pemba, na mkaguzi hatafuti kwa jina la Pemba. Inahitaji tawi lililokaushwa na kubandikwa katika karatasi, lenye tarehe na mahali. Inahitaji mtu wa kusoma herufi za Kiarabu, kwa kuwa mengi ya yaliyoandikwa na wazee wetu yaliandikwa hivyo, na watu hao hawajesha; kila chuo cha Kurani kinao. Hati za Kiarabu zilizomo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziliingizwa katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2003, na zimo za tiba. Hizo zimekwisha kuwa na namba ya rafu. Tunazozihofia ni zile zilizo katika makasha ya nyumbani.

Nasema hivyo kwa sababu kasha moja ninalijua. Marehemu babu yangu wa Wete alikuwa na daftari la tiba, aliloliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwa muda wa miaka mingi, na sisi watoto tuliruhusiwa kuliona lakini si kuligusa. Alipofariki lilitiwa kashani pamoja na nguo zake, kasha likawekwa ardhini, na hapana mtu aliyelifungua kwa miaka kumi na tatu. Nilipolifungua, mchwa walikuwa wametangulia. Zimebaki karatasi saba. Juu ya mmojawapo wa ukurasa pameandikwa kwa wino mwekundu: kifua cha kubana na pumzi fupi. Chini yake yamo manjano, kijiko kimoja, na asali ya nyuki wadogo, na mzizi ambao jina lake lilianza kwa herufi ya mim, na baada ya mim pana tundu.

Shangazi yangu, aliye na umri wa miaka themanini na zaidi, ameapa kwamba ni mkuyati, kwani yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kwenda kuuchimba. Ami yangu anasema la, mkuyati ulikuwa ni wa wanaume wenye haja zao, na wa kifua ulikuwa ni mnukauvundo. Mimea hiyo miwili haifanani kwa jani wala kwa harufu. Nimeyaandika majina yote mawili pembeni mwa karatasi, kwa kalamu ya risasi, na chini yake nikatia tarehe.